Likizo ya Agosti: Kuwapeleka Vijana wa Pwani Nairobi

Kila likizo ya Agosti treni ya Nairobi humwaga pale Miritini familia nzima nzima za watu wa Bara waliokuja kuogelea. Treni hiyo hiyo hurudi ilikotoka, na sisi wa Mombasa tukiipanda huwa tuna jambo: paspoti, hospitali, usaili wa kazi, mtoto anayeanza chuo. Kwenda Nairobi kutembea tu, tena na watoto, wengi wetu bado huona ni kutupa pesa. Mimi naona ndiyo likizo inayomfaa zaidi kijana wa huku aliyefika miaka 13 na kuendelea. Bahari anayo mwaka mzima. Mji mkubwa anaujua kwa video za simu.

Ila kumpeleka kijana mjini na kumpeleka mtoto mdogo ni mambo mawili. Wa miaka minane unamvisha viatu, unamshika mkono, na popote patampendeza alimradi pana aiskrimu. Wa miaka 15 asiposhirikishwa atakuja, maana hana ujanja, lakini atakuja masikio yamezibwa kwa muziki, na kila utakachomwonyesha atakwambia "ni sawa tu" bila kuinua macho. Kwa hiyo kabla ya tiketi na kabla ya kutafuta pa kulala, kubali jambo moja: sehemu ya safari iwe ya kwake kwelikweli, na pesa zake, na ratiba yake, na haki ya kuchagua kitu ambacho wewe unakiona upuuzi mtupu.

Anzeni na pesa, na msizifiche. Baada ya chakula cha usiku, wote mkiwa mmekaa, taja jumla uliyonayo. Nauli ya treni daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mtu tangu Januari 2024, na nusu nauli ni ya watoto wa chini ya miaka 12, kwa hiyo vijana wako wote wanahesabiwa watu wazima. Familia ya watu watano, kwenda na kurudi, ni shilingi 15,000 kabla hujanunua hata chai. Waache waifanye hesabu hiyo wenyewe. Ondoeni malazi, ondoeni chakula, kisha kinachobaki cha matembezi kigawe mara mbili: nusu unaipanga wewe, nusu ni siku yao.

Siku yao ina masharti, na ni vizuri yasemwe mapema. Pesa zikiisha zimeisha, hakuna kuja kunong'ona kwa mama. Lazima wajue tunafikaje huko na tunarudije, kwa matatu gani na kutoka steji gani. Na siku hiyo familia nzima inafuata, akiwemo baba asiyependa kutembea. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nimemwona mzee mmoja amekaa saa nzima nje ya duka la viatu vya michezo, amekunja mikono kama anayesubiri maiti itolewe. Mwanawe mpaka leo hukumbuka uso wa babake kuliko viatu. Ukisema unafuata, fuata kwa roho safi.

Kama vijana ni wawili au watatu, usiwape kura moja. Mkubwa atammeza mdogo, na wa miaka 17 na wa 13 siku hizi wanaishi nchi mbili tofauti. Kila mmoja apewe nusu siku yake. Na kila mtu katika safari, wazazi pia, awe na ruhusa ya kukataa kitu kimoja, mara moja tu. Utashangaa jinsi watu wanavyoitunza ruhusa hiyo bila kuitumia.

Sasa treni. Kuna ya asubuhi saa mbili, ya alasiri saa tisa, na ya usiku saa nne. Kwa kwenda, chukueni ya asubuhi hata kama watanuna kuamka. Hiyo husimama vituo vya njiani, huvuka Tsavo mchana, na huwafikisha stesheni ya Syokimau, Nairobi, jua bado liko juu. Ya usiku inashawishi kwa sababu inaokoa pesa ya kulala, lakini inafika kabla ya alfajiri, mji umefungwa, nanyi mna mabegi na kijana aliyeamshwa katikati ya usingizi. Siitaki hata bure. Wakati wa likizo viti vya daraja la kawaida huisha mapema sana, basi kata tiketi kwa simu mara mjuapo tarehe, na mkabidhi kijana mmoja kazi hiyo akiwa na vitambulisho vyenu na nakala za vyeti vya kuzaliwa mbele yake. Stesheni fikeni saa moja na zaidi kabla: kuna foleni za ukaguzi, na mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa. Daraja la kawaida viti hutazamana, magoti kwa magoti na watu msiowajua. Mkikijaza kijumba kizima mnakuwa peke yenu, msipokijaza jiandaeni kwa wageni.

Tsavo peke yake inatosha kuwatoa kwenye simu, mradi mtu amewatayarisha. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake kuna mapito waliyoachiwa wanyama. Tembo wa huko ni wekundu kwa udongo wanaojimwagia. Waambie pia kwamba mwaka 1898, reli ya zamani ilipokuwa ikijengewa daraja la mto Tsavo, simba wawili waliwala vibarua mpaka kazi ikasimama, na kwamba ngozi zao ziko Chicago katika jumba la makumbusho la Field hadi leo. Msiisimulie yote. Bakizeni nusu ya mambo ya simba, nitawaambia kwa nini.

Mkifika Syokimau mtavamiwa na madereva wa teksi. Kuna treni ndogo inayounganisha na stesheni ya kati mjini, rahisi sana, na mkiwa na mabegi machache hiyo ndiyo njia. Mkiwa wengi au mkichoka, teksi ya kuitisha kwa simu kupitia ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 huwatoa haraka. Ulizeni kabla kama ada ya barabara imo kwenye bei.

Halafu kuna suala la jamaa. Hakuna nyumba ya Pwani isiyo na shangazi South C au binamu Umoja, na ukienda Nairobi ukalala kwingine, habari itafika Mombasa kabla yako. Hata hivyo nasema: msilale kwa jamaa. Mkilala huko, asubuhi mtasubiri chai mpaka saa nne, mchana mtapelekwa kumwamkia mjomba fulani, na jioni vijana watakaa sebuleni na heshima zao wakitazama taarifa ya habari. Pangeni nyumba ya siku chache, yenye jiko na intaneti, sehemu ambayo matatu hazikosekani: South B, Kilimani, Ngara. Jioni moja nendeni kwa shangazi wote, mmevaa vizuri, mmebeba halua, achari za maembe na mabuyu, kaeni mpaka mkatazwe kuondoka. Na hapo ndipo pa kumchukua binamu wa rika la vijana wako. Mwalike siku yao, mlipie nauli na chakula. Kijana wa Nairobi wa miaka 16 anajua steji, anajua bei ya kweli ya kila kitu, na Sheng yake itawafanya watoto wako wawe na jambo la kuigiza kwa mwaka mzima.

Baridi usiichukulie mchezo. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Julai na Agosti ndiyo miezi yake ya mawingu. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, na mtoto wa Kisauni hana hata sweta linalomtosha. Usimnunulie Mombasa. Mwache aje na kijaketi cha kuvukia safari, kisha asubuhi ya kwanza nendeni mitumba ya Toi, karibu na Adams kwenye Ngong Road. Gikomba ni kubwa zaidi, lakini kwa mgeni ina msukumano. Mpe kila kijana pesa ya jaketi moja na mwache apatane mwenyewe. Wewe simama mbali kidogo, usimsaidie, hata ukisikia anauziwa ghali. Nakwambia kwa uzoefu wa wengi niliowaona: hakuna kivutio cha kulipiwa kinachowachangamsha hivyo.

Kuhusu usingizi, mwenye kukosea huwa ni mzazi. Mwili wa kijana aliyebalehe husogeza usiku mbele: usingizi huchelewa kuja, na asubuhi huchelewa kutoka. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Ukimng'oa kitandani saa kumi na mbili ili "muwahi", mchana wote utakuwa na mgonjwa. Mwenye kuamka kwa sala ya alfajiri aamke, asali, arudi alale. Nairobi yenyewe inakubaliana nao: kabla ya saa tatu asubuhi barabara zimeziba, na baada ya hapo magari hulegea. Basi panga jambo moja tu la kukutanisha familia kila siku, lianze kuanzia saa nne unusu, na jioni uache tupu. Safari za namna hii huharibiwa na orodha ndefu.

Nusu yako, mzazi, ningeanza na Makavazi ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Yalianzishwa 1971, ni tulivu, na vijana wanaruhusiwa kuparamia vichwa vya treni vya mvuke vilivyotulia nje. Hapa ndipo pa kumalizia ile hadithi. Juni 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliegesha behewa lake Kima, baada ya Tsavo, ili amvizie simba aliyekuwa akila watu. Yeye na wenzake walikuwa watatu, wakapeana zamu za kukesha. Ryall alipitiwa na usingizi katika zamu yake, simba akaingia ndani ya behewa, akamchukua na kutoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko pale, na dirisha lake. Kijana aliyekuwa ananuna kwenye viti vya treni ya kisasa siku moja kabla atalizunguka mara tatu, na atapiga picha bila kuambiwa.

Kutoka hapo kwa miguu mnafika mtaa wa Haile Selassie na Moi Avenue, ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Agosti 7, 1998, bomu liliua watu 213 mjini hapa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini, na majina yao yako ukutani katika bustani ya kumbukumbu. Vijana wako walikuwa hawajazaliwa. Usihutubu. Nyamazeni, wasome, na wakiuliza ulikuwa wapi siku ile, wajibu.

Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, ni makubwa na mtachoka mkitaka kuona yote. Nendeni moja kwa moja kwa Kijana wa Turkana. Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye jicho lake la kutambua mifupa lilijulikana duniani, aliugundua ushahidi wa kwanza wa mabaki hayo Nariokotome mwaka 1984. Yana umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, na mwenye mifupa alikufa kabla hajamaliza kukua. Ni kijana mwenzao. Baada ya hapo tazameni nyoka, kisha tokeni mkale.

Mbuga ya Nairobi ndiyo inayopendwa na wageni wote, na sababu ipo: kilomita za mraba 117 za nyika zenye simba na vifaru, na maghorofa yanaonekana nyuma yao. Ilitengwa 1946. Bila gari lako, usijitese kukodi la siku nzima. Pale lango kuu la Lang'ata Road pana Safari Walk, njia ya mbao ya kutembea kwa miguu juu ya wanyama. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, noti hazipokelewi, basi fungueni akaunti mkiwa nyumbani. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku mbugani na katika misitu tangu Juni 2020, kwa hiyo kila mtu aje na chupa yake ya kudumu. Kama mko tayari kuweka nafasi mapema, makao ya tembo yatima ya Sheldrick hupokea wageni kwa saa moja, saa tano hadi saa sita, wakati unaomfaa hata kijana mvivu wa kuamka. Wale ndama wakishakua hurudishwa Tsavo, kule kule mlikopita.

Na usafiri wa kwenda huko ndio utamu wenyewe. Matatu za Rongai, namba 125 na 126, hupita lango la mbuga, na Rongai ni moja ya njia maarufu kwa nganya: magari yaliyochorwa kuanzia kizingiti cha mlango hadi paa, taa za rangi, skrini kila kona, na muziki unaotikisa mbavu. Mwaka 2004 sheria za waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Michuki, ziliyavisha magari yote mstari wa manjano na kuzima fujo nyingi. Sanaa ikarudi baadaye, na leo vijana wanazijua nganya kwa majina kama wengine wanavyojua wachezaji. Pandeni adhuhuri, si saa ya watu kutoka kazini. Ulizeni nauli kabla ya kukaa, na mjue hupanda mvua ikianza kunyesha. Mzazi mwenye presha akae mbele kwa dereva.

Siku yao yenyewe sitaipanga, ila niwape vijana mawazo mawili ambayo hayatamwua mzazi. Karura, kaskazini mwa mji, ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja wenye baiskeli za kukodi, maporomoko ya maji na mapango. Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, miaka mitano kabla ya kupewa Nobeli ya Amani. Bila yeye na wenzake, pangekuwa nyumba za matajiri. La pili ni Kenyatta Market, ambako upande mmoja wasusi watakuita kabla hujashuka kwenye gari na upande mwingine ni nyama choma. Msichana anasukwa na mikono minne kwa wakati mmoja, kaka zake wanakula. Patana bei ya mtindo na ya nywele pamoja. Wakichagua kukaa kwenye jengo la maduka mchana mzima, vumilia. Ndiyo siku yao.

Chakula hakina shida. Eastleigh kuna pilau, mbuzi na chai ya maziwa ya ngamia, na nguo za kila namna kwa bei ya jumla. Ijumaa sala ya mchana ni msikiti wa Jamia katikati ya mji, ukimaliza uko hatua chache na kila kitu. Kwa kijana atakayeng'ang'ania smokie na kachumbari barabarani, mpe shilingi zake. Mutura wa kibandani ulizeni mnyama wake amechinjwa wapi, kama hilo kwenu ni muhimu.

Simu ndiyo itakayokuogopesha, na ni haki. Katikati ya mji inaporwa, hasa dirishani mwa matatu na kwenye vivuko. Kumnyang'anya kijana simu hakufai, kwani ndiyo ramani na ndiyo pesa. Kanuni zitoshe: kwenye matatu iwe mfukoni mwa ndani, dirisha lililo karibu nawe lifungwe, ukitaka kutazama njia, ingia dukani kwanza. Wote mshirikishane mahali mlipo kwa WhatsApp. Wasiofika miaka 18 wanaweza kuwa na M-Pesa Go, ambayo mzazi anaiona kwa laini yake. Na kwa siku simu itakapozima chaji, kila mtu awe na namba mbili zimeandikwa kwenye karatasi, na mahali pa kukutania panapojulikana na kila mpita njia; mimi huchagua sanamu ya Dedan Kimathi. Ukishaweka hayo, wa miaka 16 na dada yake waachie saa mbili peke yao, mchana, mahali penye watu. Hilo nalo ni sehemu ya nauli uliyolipa.

Kurudi, chukueni treni ya alasiri, na saa sita muwe mmeshaondoka mlikolala, kwani mwendo wa Syokimau hautabiriki. Pakieni chapati na kuku wa kutosha, behewa la chakula ni ghali kwa watoto wanaokula kila baada ya saa mbili. Kama pesa za siku yao zilibaki, ziwe zao, usizichukue kwa hesabu ya nauli. Treni huingia Miritini usiku, na bei ya teksi pale nje hupangwa na mwenye gari. Mpigie mtu mapema aje kuwachukua.